Nani alikuwa juu ya dari?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Je, kuyasoma Maandiko Matakatifu kama fasihi ni kuyavunjia heshima?" Nasema hapana, tena nasema nikiwa muumini na mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, kidato cha tano na cha sita. Wanaoiogopa njia hii wanadhani mhakiki ataanza kwa kusema "hii ni hadithi tu". Fasihi haifundishwi kwa neno "tu". Mwanafunzi wangu akipewa shairi la beti nane tu za kuhakiki, anaulizwa nani anasema, anamwambia nani, kwa nini jambo hili limewekwa hapa na si pale, na ni kipi mtunzi amekinyamazia. Maswali hayo ni nadra kuyasikia mimbarani, na wanaoumia kwa kukosekana kwake ni watu kabisa, hasa wanawake.

Nichukue mahali pamoja: 2 Samweli, sura ya 11 na ya 12, habari za mfalme Daudi, aliyemchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani.

Tangu utotoni nimesikia kwamba Bathsheba alipanda kuoga juu ya paa ili mfalme amwone. Nimelisikia kwenye semina za akina mama, kwenye mikutano ya injili, hata kwenye nasaha za harusi, bibi harusi akionywa asije akawa Bathsheba. Fungueni aya ya 2. Aliyekuwa juu ya dari, yaani paa la bapa la jumba, ni Daudi. Ameondoka kitandani wakati wa jioni, anatembea juu ya dari ya jumba la mfalme, na akiwa huko anamwona mwanamke anaoga. Mwanamke mwenyewe alikuwa wapi, ndani ya ua au wapi, msimulizi hakusema. Aya ya 4 inataja kama kwa kupita tu kwamba alikuwa ametakasika na unajisi wake. Wengi huiruka sentensi hiyo, na kumbe imebeba msuko mzima: unajisi huo ni wa hedhi, maana yake mwanamke huyu hakuwa na mimba ya mumewe aliyeko vitani, kwa hiyo mtoto atakayepatikana ni wa Daudi pasipo ubishi. Tena inatudokezea kwamba kuoga kule huenda kulikuwa ni kutimiza sheria ya utakaso. Sasa linganisheni hayo na mahubiri tuliyozoea. Ni nani hapo anayeyavunjia Maandiko heshima, yule anayesoma kilichoandikwa au yule anayempandisha Bathsheba juu ya paa bila kuandikwa?

Tuangalie pia sura inavyoanza. Ni majira ambayo wafalme hutoka kwenda vitani, na mfalme huyu amebaki Yerusalemu. Kuanzia hapo Daudi hasogei, anatuma. Anamtuma Yoabu, jemadari wake, vitani, anatuma watu kuuliza habari za mwanamke, anatuma wajumbe wamlete, anatuma kwa Yoabu aletewe Uria, anatuma barua ya kifo kwa mkono wa Uria yuleyule, na Uria akishakufa anatuma tena kumchukua mjane. Maneno pekee ya Bathsheba katika sura yote ni ujumbe kwamba ana mimba, ambao kwa Kiebrania ni maneno mawili tu. Wakati wote huo msimulizi hatoi hukumu. Anaacha maovu yapangane moja juu ya jingine mpaka sentensi ya mwisho ya sura, ndipo anapotuambia kwamba jambo hilo lilimchukiza Bwana. Na aya inayofuata ndiyo ya kwanza ambapo anayetuma si mwanadamu: Bwana anamtuma nabii Nathani. Huo ni ufundi wa mtunzi aliyejua kabisa anachofanya, na nguvu ya ujumbe imo ndani ya ufundi huo.

Uria ndiye anayenikosesha usingizi. Ameitwa kutoka vitani, ambako jeshi limeuzingira mji wa Raba, mfalme anamuuliza habari za vita, kisha anamwambia ashuke nyumbani kwake akanawe miguu. Hashuki. Analala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Asubuhi anapoulizwa sababu, anajibu kwamba Sanduku la Mungu na jeshi zima wako vibandani na uwandani, naye aende nyumbani "kula na kunywa, na kulala na mke wangu"? Je, alijua yaliyotokea kwa mkewe? Watumishi aliolala nao ni watu wa jumba lilelile ambalo wajumbe wake walikwenda kumleta mkewe. Ikiwa alijua, jibu lake ni kisu kilichofunikwa kwa adabu, amemwambia mfalme usoni kile mfalme alichokifanya. Ikiwa hakujua, basi ni askari mnyofu ambaye unyofu wake unamvua nguo mfalme bila yeye kukusudia. Msimulizi hakati shauri. Mwaka 1968 wahakiki wawili wa Israeli, Menakhem Perry na Meir Sternberg, waliandika makala kwa Kiebrania wakidai kwamba maana zote mbili zimeachwa wazi kwa makusudi, nayo ikazua ubishi mkali. Kabla yao Erich Auerbach, msomi Myahudi aliyenyang'anywa kazi katika Chuo Kikuu cha Marburg mwaka 1935 na kukimbilia Istanbul, alikuwa ameandika kuhusu Ibrahimu na Isaka kwamba masimulizi ya Biblia, tofauti na yale ya Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, huacha mambo mengi gizani na kumlazimisha msomaji ayatafute. Mimi naona hata kwa Uria ni hivyohivyo. Darasani wanafunzi hugawanyika katikati kwa swali hili, na sijawahi kuwaamulia.

Kisha anaingia Nathani na fumbo lake. Sisi husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligundua. Hapa mwerevu wa Israeli nzima, mtunga zaburi, hakuligundua. Kwa nini? Kwa sababu Nathani hakulileta kama fumbo, alilileta kama kesi, na mfalme ndiye hakimu. Tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi sana amemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja wa kike. Mwana-kondoo huyo alikuwa akila chakula cha maskini, akinywea kikombe chake, akilala kifuani pake. Kula, kunywa, kulala: mambo matatu yaleyale aliyoyakataa Uria, kwa mpangilio uleule. Daudi anawaka hasira, anaapa kwamba mtu huyo astahili kufa, kisha anatoa hukumu ya kulipa mara nne, ambayo ndiyo sheria ya kondoo aliyeibwa katika Kutoka 22:1. Akiisha kujihukumu kwa kinywa chake ndipo anapoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Wasomaji wanaotaka kuona mbinu hiyo ikirudi waende sura ya 14, Yoabu anapomtuma mwanamke mwenye hekima wa Tekoa na kesi ya kubuni kwa mfalme huyuhuyo. Na waifuate dari mpaka sura ya 16, ambako Absalomu anapigiwa hema juu yake na kuwaingilia masuria wa baba yake mbele ya macho ya Israeli wote.

Wako watakaosema kusoma hivi ni mambo ya vyuo vikuu vya Ulaya. Si kweli. Marabi wa Kiyahudi walisoma kila silabi kabla vyuo hivyo havijakuwapo, na walibishana. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya marabi, sehemu iitwayo Shabati, yupo anayefundisha kwamba asemaye Daudi alitenda dhambi amekosea tu, kwani askari wa nyumba ya Daudi walikuwa wakiwaandikia wake zao hati ya talaka kabla ya kwenda vitani. Sikubaliani na utetezi huo, maana sura ya 12 inambana Daudi mpaka anakiri, lakini nauheshimu kwa sababu rabi aliliona tatizo na akalitafutia jibu.

Tena Biblia yenyewe imesimulia habari hizi kwa namna zaidi ya moja. Someni 1 Mambo ya Nyakati 20. Inaanza vilevile, majira ya wafalme kwenda vitani, Daudi amebaki Yerusalemu, kisha inaruka moja kwa moja mpaka Raba imeanguka na taji iko kichwani mwa Daudi. Bathsheba hayumo. Uria hayumo katika habari hiyo. Mwandishi wa vita hivyohivyo alikuwa na nia nyingine, na waliokusanya Maandiko waliviacha vitabu vyote viwili bila kuvilainisha. Halafu Mathayo, akiorodhesha ukoo wa Yesu, anafika kwa Sulemani na kuandika kwamba Daudi alimzaa kwa "yule mke wa Uria". Angeweza kulitaja jina la Bathsheba, kama alivyowataja Tamari, Rahabu na Ruthu. Badala yake amemrudisha kwenye orodha mume aliyeuawa.

Katika kikundi chetu cha akina mama tumeyapitia haya yote, na sasa tumefika 1 Wafalme sura ya 1. Bathsheba yule wa maneno mawili anaingia chumbani kwa mfalme aliyezeeka, na kwa hotuba iliyopangwa vizuri sana anamkumbusha kiapo kwamba Sulemani ndiye atakayetawala. Nathani ndiye aliyempa wazo hilo. Kiapo chenyewe hakimo popote katika 2 Samweli. Daudi aliapa kweli siku ambayo msimulizi hakuisimulia, au wawili hawa wanamwekea mzee kumbukumbu kichwani? Mama mmoja, mshona nguo, anasema Daudi alikuwa na deni kwa Bathsheba na kiapo ni namna ya kulidai. Mwingine anasema nabii hawezi kudanganya. Wiki ijayo tunaendelea na aya ya 28.