Bei ya chai ilishushwa, kwa nini basi waliimwaga baharini?

Swali: Mwalimu, naomba ufafanuzi. Shuleni tulifundishwa kwamba makoloni ya Uingereza huko Amerika yaliasi kwa sababu ya kodi kubwa, hasa kodi ya chai. Hivi karibuni nimesoma kwamba Sheria ya Chai ya mwaka 1773 ilishusha bei ya chai badala ya kuipandisha. Ikiwa ni hivyo, waliasi nini hasa? Na ni wakati gani manung'uniko ya kodi yaligeuka kuwa mapinduzi?

Jibu: Ulichosoma ni kweli. Ulichofundishwa shuleni nacho hakikuwa uongo, ila kiliruka hatua ya katikati, ambayo ndiyo inayobeba jibu la maswali yako yote mawili.

Vita vya Miaka Saba, kati ya Uingereza na Ufaransa, vilipomalizika mwaka 1763, deni la serikali ya Uingereza lilikuwa limepanda kutoka takriban pauni milioni 75 hadi karibu pauni milioni 130, na bado kulikuwa na wanajeshi wa kulipwa huko Amerika. Waziri Mkuu George Grenville aliona ni haki walowezi wachangie gharama hizo. Mwaka 1764 alianza na ushuru wa molasi, na jambo linalosahaulika ni kwamba aliupunguza, kutoka peni 6 kwa galoni hadi peni 3. Ushuru wa zamani ulikuwa mkubwa vitabuni tu, kwa kuwa wafanyabiashara walizoea kuukwepa kwa magendo au kwa kumpoza ofisa wa forodha, ilhali huu mpya ulikusudiwa kukusanywa kweli, na mtuhumiwa wa magendo angeweza kupelekwa mbele ya mahakama ya mambo ya bahari, ambako hakukuwa na baraza la wazee wa mahakama la kumsikiliza. Kwa hiyo miaka tisa kabla ya suala la chai, kiwango cha ushuru kilikwisha kushuka na hasira ikapanda.

Ushuru wa stempu wa mwaka 1765 ndio uliotoa hoja hadharani. Kila hati ya mahakama, gazeti, leseni, hata pakiti ya karata, ilitakiwa iwe na muhuri uliolipiwa kwa fedha ya Uingereza, ambayo makoloni yalikuwa na uhaba nayo. Karata zilitozwa shilingi 1, jozi ya dadu shilingi 10. Waliobanwa walikuwa wanasheria, wachapishaji na wenye vilabu vya pombe, yaani watu wenye ulimi, mashine za kuchapia na mahali pa kukutania. Sijui kama mtoza ushuru angeweza kujichagulia maadui wabaya zaidi. Siku moja kabla sheria haijaanza kutumika, gazeti moja la Philadelphia lilitoka na ukurasa wa mbele uliochorwa kama jiwe la kaburi.

Hoja yao ilikuwa kwamba mali ya mtu haitozwi bila ridhaa yake au ya mwakilishi wake, nao hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Waingereza walijibu kwamba Manchester na Birmingham nazo hazikuwa na wabunge wake, na bado zililipa, kwa sababu Bunge humwakilisha kila raia wa mfalme. Jibu hilo halikuwa la kipuuzi kama vitabu vingi vinavyoliona, lakini makoloni yalikuwa na mabaraza yake ya kutunga sheria, yaliyokwisha kuzoea kupanga kodi zake kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1766 Bunge liliifuta sheria ya stempu, na siku hiyo hiyo likapitisha nyingine iliyotamka kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo.

Sasa tufike kwenye hatua iliyorukwa. Mwaka 1767 Charles Townshend, waziri wa fedha wa Uingereza, aliweka ushuru kwenye kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, na sheria yake ilieleza mapato hayo yangetumikaje: kulipa mishahara ya magavana na mahakimu. Hadi hapo gavana aliyeteuliwa na mfalme alitegemea baraza la koloni limpigie kura ya mshahara, na kwa hiyo alilazimika kulisikiliza. Gavana anayelipwa kutoka forodhani hahitaji kumsikiliza mtu. Mwaka 1770 ushuru huo ulifutwa, isipokuwa wa chai, uliobaki peni 3 kwa ratili (karibu nusu kilo). Mwaka 1772 ilijulikana Boston kwamba gavana wa Massachusetts, Thomas Hutchinson, na mahakimu wa mahakama kuu wangelipwa na mfalme, na mwezi Novemba mwaka huo mji ukaunda kamati ya mawasiliano ya kuandikiana na miji mingine.

Ndipo ikaja Sheria ya Chai. Kampuni ya Uhindi wa Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara na Asia, ilikuwa taabani, maghala yake London yakiwa yamejaa chai isiyouzika. Bunge liliiruhusu ipeleke chai moja kwa moja Amerika na kurudishiwa ushuru iliolipa Uingereza, hivyo chai halali ikaweza kushindana kwa bei na ile ya magendo ya Waholanzi. Zile peni 3 zilibaki palepale. Kila ratili ya chai ya bei nafuu ingechangia mshahara wa gavana, na mawakala walioteuliwa kuiuza Boston walijumuisha watoto wawili wa gavana huyohuyo.

Meli ya Dartmouth ilipoingia bandarini mwishoni mwa Novemba 1773, hesabu ya siku 20 ilianza: zikiisha bila ushuru kulipwa, forodha ingeukamata mzigo na kuuza chai, na ushuru ungepatikana kwa njia hiyo. Hutchinson alikataa kuipa meli kibali cha kuondoka bila malipo. Muda ulikuwa unaisha tarehe 17 Desemba, na usiku wa tarehe 16 masanduku 342 kutoka meli tatu yalipasuliwa na chai ikamwagwa majini. Ukiitazama kalenda hiyo utaona kwamba, kwa mtazamo wao, haikubaki njia nyingine ya kuzuia ushuru usilipwe.

London ilijibu mwaka 1774 kwa kuifunga bandari ya Boston na kubadili katiba ya Massachusetts, na kuanzia hapo kodi ikawa suala dogo. Katika tamko la uhuru la mwaka 1776 imepewa mstari mmoja tu katika orodha ndefu ya malalamiko. Kuhusu swali lako la pili, wengi hutaja risasi za Lexington za tarehe 19 Aprili 1775, mapigano ya kwanza kati ya walowezi na jeshi la Uingereza, lakini mimi ningerudi nyuma miezi sita. Oktoba 1774 wajumbe wa Massachusetts waliokutana bila idhini ya gavana walimteua Henry Gardner kuwa mpokeaji wa mapato, wakaitaka miji impelekee yeye fedha za kodi badala ya mweka hazina wa koloni, Harrison Gray.