Monita ipi kwa RTX 3060?

Ndugu yangu wa Wete, una RTX 3060 (kadi ya michoro ya kompyuta) na duka la Darajani linakushawishi uchukue monita ya 4K ya Hz 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Usiinunue. Pikseli (vitone vya picha) milioni 8.3 kwa kila fremu, yaani kila picha moja, ni mzigo mno kwa kadi hiyo kwenye gemu nzito; utalipia Hz usizoziona.

Chukua 1920×1080, inchi 24, Hz 144 au 165. Ukicheza zaidi gemu za kupiga risasi kama Valorant au CS2, hata Hz 240 ina faida, ila prosesa nayo iwe na nguvu. Hakikisha ina FreeSync au G-Sync Compatible: fremu zikishuka hadi 90 kwa sekunde, monita hushuka nazo na picha haikatiki.

Tumia waya wa DisplayPort, uchomeke kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao mama. Hapa wengi hukosea. Kisha ingia mipangilio ya skrini ya Windows uchague Hz 144, maana mara nyingi hubaki 60.

Ikiwa ni ya mtumba, iwashe palepale dukani, weka ukurasa mweupe kisha mweusi, utafute pikseli zilizokufa. Weka stabilaiza. Ikinuka kuungua, chomoa umpelekee fundi. Usiifungue, kapasita za ndani hubaki na umeme.