Hesabu ya glavu ilivyonifundisha uaminifu

Bwana asifiwe, ndugu yangu. Unapanga viti kanisani kila Jumapili, na umeuliza mtu afanyeje asichoke kutumika kwa bidii mahali ambapo hakuna anayeona wala kusema asante. Nikujibu kwa yaliyonipata.

Nilikuwa mtunza stoo hospitalini, na kanisani niliongoza maombi. Baada ya mkesha nilifika kazini macho mazito, nikijiambia Mungu anaelewa. Hesabu ya mwisho wa mwezi nilikuwa naipika tu: napitisha macho kwenye rafu, nachukua salio la mwezi uliopita, natoa vilivyotoka, najaza leja. Hakuna aliyekagua.

Asubuhi moja nesi alileta fomu ya kuomba glavu. Leja ilisema maboksi 40. Nikapanda ngazi, nikavuta la kwanza: jepesi. La pili: jepesi. Yenye kitu yalikuwa matatu. Nesi hakunigombeza. Alilitazama boksi tupu mkononi mwangu, akasema, "Kaka, kuna mama anajifungua," akayabeba yale matatu na kuondoka mbio.

Jioni ile nilifungua Wakolosai 3. Mstari wa 23, wa kufanya kazi kwa moyo kama kwa Bwana, niliujua kwa kichwa. Wa 22 nilikuwa naurukaruka. Unakataza "utumwa wa macho", yaani kazi ya kuonekana. Na Paulo alikuwa anawaandikia watumwa hasa, watu wasio na haki ya kurithi chochote, na ndio hao anaowaahidi urithi kutoka kwa Bwana. Nililia. Mimi nilikuwa na mshahara na likizo, na bado nilimpa Mungu maboksi matupu.

(Mstari huu usitumiwe kumnyamazisha anayedhulumiwa. Ukiendelea tu mpaka 4:1 utakuta mabwana nao wameagizwa kutenda haki.)

Maombi sikuyaacha, ila mkesha nikauhamishia siku ambayo kesho yake siko zamu. Nikamweleza msimamizi wangu ukweli wa leja, na barua ya onyo niliipata. Niliistahili.

Kuhusu viti unavyopanga kila Jumapili bila kutajwa: mkumbuke Tertio. Ndiye aliyeshika kalamu Paulo alipotunga waraka kwa Warumi, na jina lake limo mara moja tu, sura ya 16 mstari wa 22, anapotoa salamu. Sura zote zile zilipita mkononi mwake. Angeandika kwa kulipua, tungesoma nini leo? Ila ukichoka mwili, waambie viongozi wakupe wa kukusaidia. Kunung'unika kimoyomoyo kunachosha kuliko viti vyenyewe.

Mimi siku hizi nafungua kila boksi, hata lenye gundi, naingiza mkono ndani ndipo naandika. Hesabu hunila nusu siku. Nesi yule bado huja dirishani, na fomu yake naijaza bila kupanda ngazi kwa hofu.