Maswali ya wasomaji: Kumkumbuka rafiki mzee aliyetangulia

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Dodoma na wilaya zake, na karibu zote zina swali moja ndani yake: rafiki si ndugu wa damu, sasa maziko yakishapita nafasi yake ni ipi?

Bibi jirani yetu, mzee wa kanisa la Anglikana, amefariki akiwa na miaka themanini na kitu. Tulikuwa marafiki ingawa umri wetu umepishana sana. Familia imeniomba nizungumze dakika tano kwenye ibada ya shukrani. Naogopa nitalia, na sijui niseme nini ambacho hakimo kwenye wasifu. — Msomaji, Kongwa

Wasifu waachie wenyewe. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kuugua na kufariki vitasomwa na familia, na ukivirudia watu wataanza kuchungulia saa. Wewe umeitwa kama shahidi, kwa hiyo sema ulichokiona kwa macho yako. "Alikuwa mcha Mungu na mkarimu" hata aliyemfahamu juzi anaweza kutamka. Lakini ukieleza jinsi alivyosimama nawe kwenye mizabibu, akakuonyesha kukata tawi ubakize macho mawili tu ya kuchipulia, na kwamba hakugusa mkasi kabla ya kusali, kila aliyeketi pale atamwona. Matukio mawili ya namna hiyo yanatosha. Matatu ni mengi kwa dakika tano.

Kwa usomaji wa taratibu, dakika tano ni maneno kati ya 450 na 500, yaani kama kurasa mbili za daftari kubwa. Soma kwa sauti nyumbani huku saa ya simu inahesabu. Ukizidisha, punguza sifa, tukio liache. Anza kwa kuwasalimu watumishi na familia, eleza kwa sentensi moja mlivyofahamiana, kisha ingia kwenye matukio yako. Baada ya hapo mshukuru Mungu kwa jambo lenye jina: si "kwa yote", bali kwa kile hasa ulichopokea kupitia kwake. Mstari wa Biblia usiuchague kwa kuwa ni maarufu misibani. Omba familia ikuonyeshe Biblia yake. Wazee wengi hupiga mstari kwa kalamu au hukunja ukurasa, na hapo ndipo utajua alisimama wapi. Ukikosa, Zaburi ya 90 inamfaa mtu aliyeishi miaka mingi.

Kuna watu husahaulika kabisa: mjukuu aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani usiku, aliyempikia uji. Mtaje kwa jina, baada ya kumwomba ruhusa.

Miaka nayo iangalie. Wazee wa umri huo wengi hawakuandikishwa walipozaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ni wa kukadiria. Kongwa mna bahati, kwa sababu mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 ukafa 1951, na watu wazima wa huko hupimia umri kwa huo: alizaliwa kabla ya Karanga, wakati wake, au baada. Alama nyingine ni Uhuru wa 1961 na Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, familia zilipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Linganisha na cheti cha ubatizo kabla ratiba haijachapwa. Ukitaja mwaka tofauti na wa familia mbele ya watu, minong'ono itahamia kwenye tarakimu.

Kuhusu kulia, lia. Andika kwa herufi kubwa, acha nafasi kati ya mistari, na mpe mtu wa kiti cha mbele nakala ya pili. Sauti ikikatika, nyamaza, vuta pumzi, meza funda la maji, halafu rudia sentensi ileile tangu mwanzo. Usiombe radhi. Ukishindwa kabisa, mwenye nakala atamalizia.

Usieleze ugonjwa ulivyokuwa, usiguse madeni, na tafadhali usiahidi ada ya wajukuu ukiwa umeshika maiki.

Tulikuwa kikundi cha marafiki watano wa marehemu mzee wetu. Tunataka kumjengea kaburi. Tuanze lini, na tununue nini? — Msomaji, Mvumi

Kwanza mwulizeni mkubwa wa familia, si kijana mnayezoeana naye. Wakikubali, subirini masika moja yapite. Udongo uliorudishwa kaburini hushuka kwa miezi kadhaa, na kwenye ardhi ya mbuga, ile nyeusi inayovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, haraka ndiyo chanzo cha makaburi yote mnayoyaona yameinama. Mvua zetu huanza kama Desemba na kuisha Aprili, hivyo Juni au Julai ni wakati mzuri.

Kosa la pili la mafundi ni kujenga ukuta juu ya shimo lenyewe. Msingi ukae kwenye ardhi ambayo haikuchimbwa. Kwa shimo la kawaida, vipimo vya nje vya mita 2.6 kwa 1.3 vinatosha. Kwa kozi (safu) mbili za tofali za saruji za inchi 6, msingi wa zege na mfuniko wa zege wa sentimita 10, andaeni mifuko 6 ya saruji, tofali 35, nondo 3 za milimita 8, mchanga toroli 8 na kokoto toroli 10. Zege la mfuniko ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Mchanga wa korongo uoneni kwanza: sugueni kiganjani, ukiacha tope uoshwe au mtafute mwingine.

Zege likishamwagwa lifunikwe kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Hapa ndipo michango hupotea. Upepo na jua la Dodoma hukausha zege kabla halijashika, na nyufa hutokea wiki ileile. Pangeni zamu ya maji kabla ya kumwita fundi.

Maandishi yachongwe, kwani rangi hupauka. Mchongaji mpeni jina na tarehe kwenye karatasi iliyosainiwa na familia, msimtajie kwa simu. Msalaba wa mti msiuweke kabisa, mchwa hawana heshima.

Mimi ni Mkristo, rafiki yangu mzee alikuwa Muislamu. Nataka kufanya kitu kwa ajili yake. — Msomaji, Kondoa

Usifikirie kaburi, maana masheikh wengi hukataza kulijengea. Fikiria sadaka yenye kuendelea: mafundisho ya Kiislamu yanasema amali za mtu hukatika akifa isipokuwa sadaka hiyo, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Kuchangia kisima, tangi la maji msikitini au miti ya kivuli kunaingia humo. Ongea na familia ili itolewe kwa nia ya marehemu. Ukialikwa kwenye hitma, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, nenda. Vua viatu, kaa kwa utulivu, na mwombee kimoyomoyo kwa imani yako. Sukari na mchele hupokelewa kwa furaha, ila vipeleke siku moja kabla. Kama ameacha mjane, yumo edani, yaani anakaa ndani kwa maombolezo, kwa miezi minne na siku kumi, basi salamu zako zipitie kwa watoto au kwa mkeo.

Marehemu aliniachia mbuzi wawili niwatunze. Sasa wamekuwa watano, na watoto wake hawajui. — Msomaji, Chamwino

Waambie wiki hii, mbele ya mashahidi wawili. Andika idadi, rangi na alama za masikio, pamoja na waliozaliwa, na kama mlikubaliana ujira wa uchungaji utaje hapo hapo. Usimkabidhi mtoto yeyote peke yake, hata akiwa mkubwa. Ukoo hupendekeza msimamizi wa mirathi na mahakama humteua; huyo ndiye wa kumpa, naye asaini kwamba amepokea. Mpaka hapo endelea kuwachunga, na akifa mmoja wajulishe siku hiyohiyo waje wamwone.