Patasi za mzee apewe mwanagenzi

Ndugu yangu, kama mzee wako fundi wa milango hapo mtaani Langoni anataka vifaa viende kwa mwanagenzi wake, asingoje. Kwa sheria yetu ya Kiislamu asiye mrithi anaweza kuusiwa, mwisho thuluthi ya mali baada ya madeni, iandikwe mbele ya mashahidi wawili. Lakini bora ampe hiba, yaani zawadi, sasa akiwa mzima, amkabidhi mkononi kabisa, maana akitoa kwenye ugonjwa wa mauti inahesabiwa kama wasia tu. Na zile karatasi za michoro ya nakshi msisahau wallahi! Babu yangu alivyofariki tezo, keekee, randa, vyote vikauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, ile patasi yenye mpini uliobonyea kwa dole gumba lake sikuiona tena, inaniuma mpaka leo.