Kabla hawajamtoa mwanao bandama

Mwanangu ana sikoseli, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu. Alipokuwa na miaka sita aliingia chumba cha upasuaji, akatoka hana bandama. Wazazi wenzangu wa kliniki huniuliza habari za kisu: wodini siku ngapi, kovu likoje. Kisu ndicho kilichonisumbua kidogo kuliko vyote.

Mara ya kwanza bandama ilipovimba ghafla, nilidhani ameshiba tu. Tumbo gumu, limejaa upande wa kushoto chini ya mbavu. Saa chache baadaye midomo myeupe, hata kukaa hawezi. Bibi yake akataka achanjwe chale za bandama. Nikamwitikia kwa heshima, huku nimeshaita bajaji. Hospitali walikuta damu imeshuka hadi 4. Chembe zilizopinda huwa zinakwama ndani ya bandama, damu ikawa inaingia haitoki. Akaongezewa damu usiku uleule.

Muuguzi mmoja alinifundisha kumpapasa kila asubuhi akiwa amelala chali, mpaka nikaujua ukubwa wa kawaida wa bandama yake. Jifunze na wewe, hata kama mwanao hajawahi kupatwa. Ndivyo nilivyoiwahi ya pili, na baada ya hiyo ya pili daktari akasema itolewe.

Usidanganyike kuwa sikoseli inaondoka nayo. Wenye ule ugonjwa wa kurithi wa chembe zenye umbo la tufe, wakitolewa bandama upungufu wa damu mara nyingi huwaisha, maana bandama ndiyo iliyokuwa ikizivunja. Wetu bado anaumwa mifupa baridi ikizidi, na foliki asidi bado anakunywa. Tulichopona ni ile hatari ya damu kumezwa ghafla.

Sasa chanjo, na hapa ung'ang'anie. Bandama ndiyo inayokamata bakteria wa nimonia na uti wa mgongo, kwa hiyo chanjo zake zikamilike angalau wiki mbili kabla ya operesheni. Zile za kliniki ya watoto hazitoshi. Kuna ya nimonia ya kuongezea baada ya miaka miwili, na ya uti wa mgongo, ileile wanayochomwa mahujaji. Kwetu hiyo ya mwisho ilikuwa haijachomwa na tarehe imeshapangwa. Niliomba iahirishwe, nikanuniwa, ikaahirishwa.

Baada ya hapo ni penisilini asubuhi na jioni, dawa ya kuzuia malaria, na neti bila kukosa. Vidonge navihesabu kila Jumapili, kwa sababu mtoto mzima wa afya ndiye anayesahauliwa dawa.

Homa ikifika 38, usingoje kupambazuke. Miezi mitano baada ya upasuaji alichemka usiku. Zahanati ya karibu walipima malaria, hana, wakatupa panadol turudi nyumbani. Sikurudi. Nilikwenda hospitali kubwa nikaanzia mlangoni: "Huyu hana bandama." Neno hilo liseme kwanza, kabla hujaulizwa jina. Alichomwa antibaiotiki ya mshipa kabla majibu ya damu hayajatoka.

Neno hilo limeandikwa pia kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ndani ya begi lake la shule, na namba yangu ya simu. Mwalimu alipoisoma aliuliza kama amzuie mpira. Zamani alizuiwa, bandama iliyovimba ikigongwa inaweza kupasuka. Sasa anacheza golini.