Mgongo unauma, picha hazionyeshi kitu

Dada wa Nyalenda, pole kwa msiba na kwa huo mgongo. Umesema maumivu yalianza wiki chache baada ya kumzika mzee, sasa ni mwaka, eksirei ni safi, na daktari kakwambia "ni mawazo tu". Hiyo "tu" ndiyo imenikera. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na ubongo unaweza kuendelea kupiga kengele hata mahali penyewe pamepona. Huzuni na kukosa usingizi huzidisha sauti yake. Hujifanyi.

Anzia hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ile tunayoiita Russia, uombe kuelekezwa kwa mwanasaikolojia. Ukienda kwa wa binafsi, uliza kama amesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya washauri na wanasaikolojia ya 2014. Kisha muulize kama amewahi kuhudumia watu wenye maumivu sugu. Akikuambia utupe dawa zote siku hiyo hiyo, panda boda urudi nyumbani.

Mwanasaikolojia wangu alinipa kazi ya daftari: kila maumivu yakipanda, niandike saa na nilichokuwa nikifanya. Ukurasa wa pili tu nikaona ni Jumapili jioni, kila mara, nikingoja simu ya shemeji kuhusu shamba. Nilicheka, halafu nikalia.

Lakini miguu ikifa ganzi, mkojo ukikushinda kuzuia, au homa ikiandamana na maumivu, hilo si la mshauri. Nenda kasualti usiku huo huo.